Mjomba Alipa Karo, Mtoto Ataka Historia

Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Likoni. Asubuhi nauza mahamri na viazi karai karibu na feri. Mwanangu wa kwanza yuko Gredi ya 9. Shuleni wamepewa fomu ya kuchagua mkondo wa sekondari pevu, naye amesema wazi kwamba ataka Sayansi za Jamii: Historia na Uraia, Jiografia, na Dini ya Kiislamu. Kaka yangu ni fundi wa mitambo bandarini, na ndiye atulipiaye mambo ya shule tangu baba watoto alipotuacha. Amekasirika. Asema masomo hayo ni ya walioshindwa, na kijana asipochukua STEM, ule mkondo wa sayansi na hesabu, basi atafute wa kumlipia.

Chanzo ni nyanyake. Nyumba tunayokaa ni yetu lakini ardhi si yetu, kila mwezi twalipa kodi ya kiwanja. Mwaka jana kijana akamuuliza nyanyake, mbona twalipa na mababu zetu wamezikwa papa hapa? Nyanya akamtolea kopo lake la risiti. Tangu siku hiyo hana jingine. Akitoka shule yuko barazani na wazee, aandika daftarini. Mjombake amwambia, risiti hazijengi nyumba.

Sayansi si mbaya sana. Hesabu apata wastani, na mwenyewe ameniambia hataki kuiona tena maishani mwake.

Mwalimu, fomu yarudi wiki ijayo. Nimewaza nimjazie anachotaka, nimwambie kaka yangu tumejaza STEM, mengine Mungu ajua. Mimi nami niliacha shule Form Two, na somo nililolipenda lilikuwa historia, wala sikuona limenisaidia nini. Nifanyeje?

Mama wa Kopo la Risiti, Likoni

* * *

Dada yangu,

Fomu yarudi wiki ijayo, kwa hiyo nianze na hilo la kuficha. Usimdanganye kaka yako. Uongo huo hauna umri mrefu: siku ya kutangazwa nani kapangiwa shule gani, mkondo nao utajulikana, na mjomba atausoma kwenye simu yake mwenyewe. Siku hiyo hutaulizwa wewe. Ataulizwa kijana, naye atakuwa ameanza sekondari pevu huku ameibeba historia kama mtu aliyebeba mali ya wizi. Na kaka yako, kwa nilivyomsoma katika barua yako, si mtu mbaya. Amewatazama watoto wa dadake miaka yote hii bila kushikiwa fimbo na mtu. Mtu kama huyo huambiwa jambo uso kwa uso hata likiwa chungu.

Sasa hilo neno lake, masomo ya walioshindwa. Halikuanzia kwake. Mimi nililisikia katika chumba cha walimu, na nakiri kwamba ni mmoja wa waliolipa nguvu. Nilifundisha historia miaka mingi upande wa Changamwe, na mingi katika hiyo niliifundisha vibaya. Tulikuwa tukiingia darasani na daftari kuukuu, twaandikisha noti mpaka kengele ilie: sababu tano za hiki, matokeo sita ya kile, hadi mkono wa mtoto wafa ganzi. Mwaka mmoja kijana wa Kisauni, aliyekuwa akipanda matatu mbili kuja shuleni, aliniuliza kwa nini steji ya kwao yaitwa Kengeleni. Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye silabasi. Darasa likacheka. Sikumwona tena akiinua mkono katika somo langu hadi alipomaliza Form Four.

Jibu lenyewe nilikuwa nalijua nusu nusu, na nadhani ndiyo sababu nilikuwa mkali. Kengele ipo hadi leo kando ya barabara. Mwaka 1873 Mwingereza Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Miaka miwili baadaye wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walikuwa wameanzisha pale Kisauni makazi ya watu waliokombolewa kutoka majahazini, wakayaita Frere Town kwa jina lake. Baadhi ya waliofundisha na kuhubiri pale walikuwa Waafrika waliokulia India: walinyakuliwa utotoni, wakakombolewa baharini, wakasomeshwa karibu na Bombay, kisha wakarudi pwani hii kuwapokea wenzao. Na kengele ilikuwa ya kutahadharisha watu, wawindaji wa watumwa wakionekana. Hayo yote yako ndani ya jina la steji. Konda aliita kila jioni, "Kengeleni shuka!", kijana akashuka, asubuhi akaja darasani kwangu, nami nikamwandikisha sababu za Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza.

Wenzangu wa jiografia nao wana yao. Mtoto wa Likoni hukariri kwamba mfano wa ria nchini Kenya ni Kilindini, akapewa alama yake moja, na asubuhi hiyo hiyo ameivuka ria yenyewe akiwa amesimama ndani ya feri, mkoba kifuani kuchunga wezi. Hakuna aliyemwambia kwamba chini yake ni bonde la mto lililomezwa na bahari maji yalipopanda. Ndiyo maana pana kilindi, na jina lenyewe lasema hivyo. Ndiyo maana meli kubwa zaingia hadi ndani, ndiyo maana mjombake ana kazi, na ndiyo maana daraja la kuvukia Likoni halikuwa jambo la kufunga mbao mbili tatu, kwa kuwa kila meli iendayo Kilindini lazima ipite hapo. Basi masomo haya yakapata jina baya. Tuliyachafua sisi wenyewe tuliokuwa tumeshika chaki.

Mwanao hakuyapata kwa njia hiyo. Yalimjia ndani ya kopo, na hapo ndipo nilipoketi vizuri kuisoma barua yako.

Mweleze mjomba hivi. Mwaka 1895 Uingereza ilichukua utawala wa ukanda huu wa mwambao, maili kumi kutoka baharini, lakini haikuununua. Iliukodi. Kila mwaka ilimlipa Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi 1963. Pwani nzima, dada, ilikuwa ya kupanga! Kisha ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908. Kila anayedai ardhi aende mbele ya afisa na ushahidi wake. Isiyodaiwa itakuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na karatasi, au waliojua karatasi ni nini, wakaenda. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima ardhi ya ukoo, ambayo haikuwa ya mtu mmoja hata mmoja huyo aende kuidai kwa jina lake, hawakuenda, au walikwenda wasisikilizwe. Oktoba 1963, karibu na uhuru, ukanda ukakabidhiwa Kenya kwa makubaliano yaliyoheshimu hatimiliki zilizokuwapo. Basi hati zikabaki zilipo, na watu wakabaki walipo, juu ya ardhi yenye mwenyewe mwingine. Mtindo huu wa nyumba yangu na ardhi ya fulani umejaa Likoni, Kisauni na Changamwe yote. Mgeni kutoka bara hauelewi hata ukimweleza mara tatu. Risiti ya nyanya ni ukurasa wa mwisho wa kitabu kilichoanza 1895, na mwanao amekianzia mwisho. Wengi wetu hatujakianza popote.

Na mambo hayo si ya wazee peke yao. Wewe wa Likoni walijua shamba la Waitiki, ekari 930 na mzozo wa miaka na miaka. Serikali ililinunua, na Januari 2016 Rais wa wakati huo akaja kugawa hati. Watu walishangilia. Baadaye wakagundua kwamba kila mmoja alitakiwa kulipa shilingi 182,000. Wengine waliokuwa wakicheza ngoma siku ile walianza kuisoma karatasi ngoma ilipokwisha. Mtu wa kuisoma kabla ya ngoma hazaliwi na somo la fizikia, ingawa fizikia naiheshimu.

Nimesema naiheshimu, na sitaki kaka yako adhani nampiga vijembe. Ana haki katika mambo mawili. Kwanza, kazi. Yeye yuko bandarini, aona nani aajiriwa na nani aambiwa arudi kesho. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu liko huko huko kwenu, na viwanda vikija vitataka mafundi wa umeme, wachomeleaji, waendesha mitambo. Chuo cha mambo ya bahari, Bandari Maritime Academy, kiko ng'ambo tu. Mjomba ametazama ramani akaona njia fupi. Serikali nayo imemuunga mkono: ilisema yataka asilimia 60 ya wanafunzi wapite STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 sanaa na michezo. Na sote twawajua vijana wenye digrii za sanaa wanaoendesha bodaboda. Twawajua pia wenye digrii za sayansi wanaoendesha bodaboda, lakini hao hawatajwi sana.

Pili, milango. Hili kijana lazima aambiwe bila kupakwa asali. Akiiacha fizikia na kemia sasa, udaktari, uhandisi na upimaji wa ardhi vitakuwa mbali naye, pengine visirudi. Nimeutaja upimaji makusudi. Mtoto anayependa habari za viwanja aweza kuamka siku moja, ana miaka kumi na saba, akagundua kwamba alichokuwa akitaka ni kushika ile mashine ya miguu mitatu na kuweka mawe ya mipaka. Muulize leo. Akisema ndiyo, nitakuwa wa kwanza kumwambia mjomba ameshinda. Akisema ataka sheria, ualimu, uandishi wa habari, mipango ya miji, utawala, kazi za ubalozi, makumbusho, au hata uwakala wa forodha huko huko bandarini, basi mkondo aliouchagua wamfikisha, mradi alama ziwe nzuri. Katika kila moja ya hizo aliyefika kwa alama za kusukumwa hupata taabu.

Kuna jambo jingine la kumwambia kaka yako, nalo lizungumzwe akiwa ametulia, baada ya chai. Zamu zake zenye saa zinazojulikana, malipo ya saa za ziada, chama cha wafanyakazi kinachomtetea: muulize vilitoka wapi. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandarini, wa reli, hata wa hotelini na majumbani, maelfu yao, wakikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Aliyekuja kuwa kiongozi wao, Chege Kibachia, hakuwa kuli. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena, na aliyekuja kutoka Nairobi kuwasemea mezani alikuwa kijana Tom Mboya, aliyesomea ukaguzi wa afya. Walioshusha mizigo ndio walioumia, na heshima ni yao. Lakini mezani alihitajika mtu wa kupanga hoja, kusoma vifungu, kujua wenzao wa kwingine wamelipwa nini na kwa nini. Mjomba ala matunda ya ustadi unaofunzwa na masomo hayo anayoyaita ya walioshindwa. Usimwambie kwa maneno hayo, lakini.

Sasa nije kwa mwanao, maana na yeye nina neno naye, na si la kumpendeza.

Katika barua yako kuna sentensi moja iliyonitia wasiwasi kuliko hasira zote za mjomba: hataki kuiona hesabu tena maishani mwake. Je, huyu mtoto aiendea historia, au aikimbia hisabati? Nimewafundisha wa aina zote mbili. Wa kwanza ukimpa swali gumu hukaa nalo hadi jioni. Wa pili alikuja kwangu kwa sababu mlango wangu ulikuwa wazi na wa jirani umefungwa, na akifika kwenye jambo gumu ndani ya historia huanza kutafuta mlango mwingine. Halafu kuna habari ambayo huenda hajaipata: katika sekondari pevu hisabati haikwepeki. Imefanywa ya lazima kwa mikondo yote, ila nje ya STEM hufundishwa iliyo nyepesi kidogo. Nyepesi, lakini hisabati. Jiografia aliyoichagua nayo ina vipimo vya ramani, takwimu za mvua, grafu za idadi ya watu. Kiingereza na Kiswahili pia ni lazima, na kwa mkondo wake hayo mawili ndiyo makasia. Asiyejua kuandika aya iliyonyooka asijidanganye kwamba historia itambeba.

Kwa hiyo nataka mumpe kazi, kabla fomu haijarudi. Siku tano zatosha.

Achukue risiti za nyanya azipange kwa tarehe. Zitakuwa zimefubaa, nyingine zimeliwa na mende. Azipange hivyo hivyo, na pengo aliandike kuwa ni pengo, asilijaze kwa kubuni. Achore jedwali: mwaka, kiasi, aliyepokea. Ajumlishe zote. Atafute kodi imepanda kwa asilimia ngapi tangu risiti ya kwanza hadi ya mwisho, na bei ya unga wa ngano unaonunua wewe imepanda vipi katika miaka hiyo hiyo, kadiri unavyokumbuka. Hiyo ni hisabati, na hataiona kuwa adui, kwa sababu safari hii ataka jibu. Kisha hesabu hizo zikaguliwe na mjombake. Sisemi hivyo kwa ujanja tu, ingawa ujanja umo. Fundi wa mitambo hawezi kupelekewa jedwali lenye makosa akanyamaza. Atachukua kalamu. Na akishachukua kalamu ameshaingia ndani ya kopo.

Sehemu ya pili ya kazi ndiyo ngumu. Mwanao aandike kurasa mbili, si kwa niaba ya nyanya, bali kwa niaba ya mwenye ardhi. Aandike kana kwamba yeye ndiye mjukuu wa mwenye hati: babu yake aliipata vipi, sheria ilimpa haki gani, kwa nini aona kudai kodi ni halali, naye aogopa nini. Aandike kwa haki, bila kejeli, hadi mwenye ardhi mwenyewe akizisoma aseme, naam, hivyo ndivyo nionavyo. Baada ya hapo arudi upande wake ajibu.

Akiweza hilo, dada, mtoto huyo ni wa historia, na nitakuja Likoni mwenyewe kumtetea kwa mjombake. Akishindwa kwa sababu hasira zamzuia, si vibaya, ana miaka kumi na minne au kumi na mitano na nyumba ni yao. Lakini ajue kwamba amependa kisa chake kabla ya kulipenda somo. Kisa chaweza kumfikisha kwenye somo, au chaweza kumwishia moto kufikia muhula wa pili watakapokuwa wanasoma habari za Misri ya kale na hakuna risiti hata moja ya Likoni.

Watu watamtajia Ali Mazrui. Mombasa hatuwezi kuzungumza habari hizi bila kumtaja, na hata mimi nimejizuia hadi sasa. Alizaliwa hapa 1933. Katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari alipata daraja la tatu, Makerere haikumchukua, akafanya ukarani katika taasisi ya Waislamu ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye akapata nafasi ya kwenda Uingereza, akamalizia sekondari huko, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na alipokuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu alikuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Makerere ile ile iliyomfungia mlango. Hadithi tamu, na ni ya kweli. Lakini usimvalishe mwanao hadithi hiyo kama hirizi. Waliopata daraja la tatu mwaka ule walikuwa wengi, na wengi hatuwajui majina. Ninachokipenda mimi ni kile cha katikati ambacho wasimulizi hukiruka: kwamba miaka aliyokuwa karani hakuacha kusoma na kubishana na watu. Baraza la mwanao lafanana na hilo.

Fomu yenyewe sasa. Atachagua shule 12, na humo mna za bweni na za kutwa. Mkondo wa Sayansi za Jamii upo karibu kila mahali, hata kwenye shule zisizo na mkondo wa sanaa na michezo, kwa hiyo usiogope kwamba atakosa. Uliza lililo muhimu zaidi: je, shule hiyo ina mwalimu wa historia, au ina mwalimu wa somo jingine aliyeambiwa ashike historia kwa muda? Ina mwalimu wa Dini ya Kiislamu aliyeajiriwa, au ni ustadh ajaye akijaliwa? Usisome kwenye ubao wa lango. Nenda wakati wa mapumziko, uliza wanafunzi wenyewe. Wataeleza bila hofu, tena kwa majina. Na zile nafasi za kutwa usizijaze kwa haraka haraka. Shule ya kutwa ya upande wenu, ambako aenda kwa miguu, ndiyo ngao yako mjomba akishikilia lake. Hesabu tofauti ya gharama uiandike. Ukimwendea kaka yako na kusema, "Nisaidie," atasikia mzigo. Ukimwendea na karatasi, kiasi hiki cha bweni, kiasi hiki cha kutwa, mimi mahamri yangu yatatoa hiki, wewe nakuomba hiki, atasikia hesabu, na hiyo ndiyo lugha yake. Kama bado atakataa, angalau mwanao hatakosa shule, atakosa bweni. Ofisi ya chifu nayo ipitie uulize habari za basari mapema, kabla foleni haijafika barabarani.

Kuna uwezekano wa tatu ambao mnaweza kuuweka mezani bila mtu kuona ameshindwa. Mkondo huo huo wa Sayansi za Jamii una somo la Biashara. Historia, Jiografia na Biashara ni mseto ambao mjomba ataupokea kwa urahisi zaidi, kwa kuwa bandarini aona makarani wa forodha na wa mizigo wanavyoishi. Dini aweza kuendelea nayo madrasa kama alivyokuwa akiendelea. Sisemi ndio bora. Mwenyewe kijana ndiye wa kusema, na kama Dini ameichagua kwa kuipenda na si kwa sababu yadhaniwa kuwa rahisi, aachiwe.

Nimebakisha sentensi yako ya mwisho, ile kwamba uliipenda historia wala hukuona imekusaidia nini. Sitakubishia juu ya maisha yako. Wewe ndiye uliyeamka saa tisa za usiku kuukanda unga. Ila nimepokea barua nyingi za wazazi tangu fomu hizi zianze kutoka, na nyingi zaniambia mtoto ni mkaidi, basi. Wewe uliandika chanzo ni nyanyake. Ukanipa mwaka, ukanipa ushahidi, ukanipa maneno ya mjomba kama alivyoyasema, hata pale yaliposhinda ya kwako. Nikajua nani kamfundisha huyo mtoto kuuliza, kabla hajafika barazani kwa wazee.

Siku ya kuzungumza na kaka yako iwe Jumapili, akiwa hana zamu. Kijana awepo, nyanya awepo, wewe uongee kidogo. Na zile risiti asizibebe kwenda nazo shuleni kuwaonyesha wenzake, wala asizitoe nje ya nyumba. Azinakili daftarini, azipige picha kwa simu ya mjomba, kisha azirudishe koponi, na kopo lirudi chini ya kitanda cha mwenyewe.